Hodi ya Usiku wa Maboga

Mwaka wangu wa kwanza hapa Columbus, jimbo la Ohio, jioni ya tarehe 31 Oktoba nilizima taa zote, nikamvuta binti yangu aliyekuwa na miaka minne, tukakaa sakafuni nyuma ya kochi. Ilikuwa Halloween, na nje watoto wa mtaa walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Nilisikia mguu wa kwanza kwenye ngazi, wa pili, kisha ko ko ko, kisha sauti nyembamba zikiita lile neno lao, "Trick or treat!", yaani tupe kitu au tukufanyie mzaha, kisha kimya. Kimya kile ndicho kilichonitesa. Ni kimya cha mtu aliyesimama mlangoni kwako akisubiri kuitikiwa, na mtu aliyelelewa kwetu hawezi kukisikia akatulia.

Mimi ni wa Tanga. Nyumbani, mama angekuwa uani anakuna nazi, akisikia "Hodi!" anaitikia "Karibu!" kabla hajajua aliyeko mlangoni ni nani. Jina na shida ya mgeni vilikuja baadaye. Mtu akipiga hodi tatu asijibiwe, anaondoka zake bila kinyongo, maana nyumba haina watu. Mimi jioni ile nilikuwamo ndani, nikapigiwa hodi nyingi kuliko zote nilizokuwa nimepigiwa tangu nihamie Marekani, nikazinyamazia zote.

Wiki nzima kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa hapa lilikuwa limejaa maonyo. Sikukuu ya mashetani, fungeni milango, watoto wasitoke. Walioandika ni watu wazima ninaowaheshimu, wa msikitini na wa kanisani, na hofu yao ilikuwa ya kweli. Umefika nchi ya watu, unakuta mifupa ya plastiki imening'inia kwenye miti na makaburi ya bandia yamepangwa mbele ya nyumba ya jirani, na huna wa kukueleza. Utafanya nini? Nilifuata walivyosema. Ila usiku ule sikupata usingizi.

Filamu ninayotaka kuizungumzia leo ndiyo iliyonitoa nyuma ya kochi.

Aliyenionyesha ni mama mmoja mwenyeji niliyekuwa nikifanya naye kazi ghalani, shifti ya usiku. Oktoba ya mwaka uliofuata ilipokaribia, nilimsimulia habari yangu ya kuzima taa. Hakucheka. Aliniambia niende kwake Jumamosi, kuna filamu anaitazama kila mwaka majira hayo, na aliyeitengeneza ni mtoto wa hapa hapa mjini. Nilikwenda kwa heshima yake tu. Filamu za kutisha sikuzipenda. Nyingi nilizowahi kuona ni makelele na damu, mtu anakufa na hujui alikuwa nani wala kwa nini yeye.

Hii inaitwa Trick 'r Treat. Aliyeiandika na kuiongoza ni Michael Dougherty, aliyezaliwa Columbus tarehe 28 Oktoba 1974, yaani siku tatu kabla ya Halloween. Ina dakika 82. Inatokea usiku mmoja tu, katika mji wa kubuni uitwao Warren Valley, humu humu Ohio. Picha zilipigwa Vancouver, Kanada, lakini anayeishi huku akiiona anaitambua Ohio yake: nyumba za mbao zenye kibaraza mbele, majani makavu ya rangi ya kutu yamerundikwa kando ya njia, na kwenye kila ngazi boga lililokombwa moyo, likachongwa macho na meno, likawekwa mshumaa ndani. Kwa ambaye hajaliona boga hilo usiku, mwanga wake ni wa manjano nzito, kama wa kibatari nyuma ya pazia, na unapumua upepo ukipita.

Nitaeleza mambo ya ndani kabisa, kwa hiyo anayependa kushtukizwa aitazame kwanza. Na asiitazame na watoto. Damu imo, na mengine yasiyo ya watoto yamo.

Filamu za kutisha zenye visa vingi ndani ya filamu moja ni za zamani. Waingereza walitoa Dead of Night mwaka 1945, Wamarekani wakatoa Creepshow mwaka 1982, na kati ya hizo zipo nyingi. Kwa kawaida huwa ni mshikaki. Kijiti ni msimulizi, au kitabu kinachofunguliwa, na visa vimechomekwa kimoja baada ya kingine bila kujuana. Ukimaliza unahesabu: cha pili kilikuwa kitamu, cha nne kigumu. Dougherty hakuchoma mshikaki, amesuka ukili. Bibi yangu alikuwa msusi wa mikeka, na nikiwa mdogo nilipenda kuufuata muaa mmoja kwa macho. Unapita juu ya wenzake, unazama chini, unapotea, nakata tamaa, halafu naukuta umeibuka kule mbele na ni ule ule. Filamu hii inakwenda hivyo. Wanne watano wanaosimuliwa habari zao wanapishana barabarani bila kujuana, na saa inarudi nyuma na kwenda mbele mpaka usiku wote umekamilika.

Chukua mwalimu mkuu wa shule, Wilkins, anayechezwa na Dylan Baker. Yuko nyuma ya nyumba yake gizani anafukia anachofukia. Jirani yake, mzee Kreeg, anayechezwa na Brian Cox, anatokea dirishani anapiga kelele aokolewe. Wilkins anampuuza, anaingia ndani. Na sisi tunaotazama tunampuuza pia. Tumeshamwona mzee huyo ni mkorofi, na akili zetu zote ziko kwa mwalimu na shimo lake. Filamu inaendelea, inapita kwa watu wengine kabisa, mpaka kisa cha mwisho, ambapo safari hii tumo ndani kwa mzee. Tumekiona kinachomfukuza humo ndani. Anapolikimbilia lile dirisha, tunajua tayari kwamba hakuna atakayekuja, kwa sababu tulikuwapo pale uani, tukamsikia, tukageuka. Nilikaa wima kwenye kochi la watu.

Nimeishi mtaani hapa miaka kadhaa sasa. Nyumba ya kulia kwangu najua gari lake, najua siku yake ya kutoa taka, na usiku mmoja niliwahi kusikia mtu akilia humo kwa sauti ya juu sana. Asubuhi tulipungiana mikono kama kawaida. Sijui kisa cha nyumba ile, nao hawajui cha kwangu. Hakuna filamu yenye mhusika mkuu mmoja ingeweza kunionyesha hilo, kwa sababu mhusika mkuu huwa anaingia kila nyumba na kamera inamfuata. Hapa kamera inamwacha mtu mlangoni kwake, inavuka barabara.

Katikati ya visa vyote anapita mtoto. Jina lake Sam. Kimo chake ni cha mtoto wa chekechea, amevaa pajama ya rangi ya chungwa, na kichwani amejivika gunia lililoshonwa, macho yake vifungo. Anachezwa na mtoto, Quinn Lord, na ule mwendo wake wa kitoto ndio unaotisha. Anakaa kwenye ukingo wa barabara, anatazama. Kichwa kinainama upande kidogo, kama mtoto anayejaribu kuelewa kwa nini mtu mzima amefanya alivyofanya. Hamwanzi mtu. Anaangalia tu kama miiko ya usiku huo inashikwa: uvae vazi la kujigeuza, ugawe pipi kwa wanaokuja, uzikague pipi zako kabla ya kula, na usilizime boga kabla ya saa sita ya usiku. Anayevunja, ile pipi ya kijiti aliyoishika Sam, ikishang'atwa ncha, inakuwa kisu.

Wenyeji huiita kanuni. Mimi naiita miiko, na nina sababu. Kanuni ina mwamuzi na ina adhabu iliyoandikwa. Mwiko haujaandikwa popote. Usipige mluzi usiku, usifagie usiku, usikate kucha usiku. Tulipouliza kwa nini, bibi alisema ni mwiko, yakaisha. Hakuna aliyetutajia kitakachotokea, na ndiyo maana hatukuthubutu. Filamu hii inaujua uzito huo. Kisa cha kufungulia ni cha mume na mke waliorudi kutoka kwenye sherehe za mjini. Mke haipendi sikukuu hii. Analipuliza boga pale kwenye njia ya kuingilia, mume anamwonya, yeye anapuuza, anaanza kung'oa mapambo uani usiku ule ule kwa kuwa mama yake atakuja kesho yake. Hajamdhuru mtu. Ila watoto bado wako njiani. Ni kama mtu kukunja mkeka wageni wangali wanakula. Kinachompata ni kikubwa mno kuliko kosa, sikatai, lakini kwa mara ya kwanza katika filamu ya namna hii niliona kosa ni lipi, na nilikuwa na jina lake katika lugha yangu.

Jina la Sam limekatwa kutoka Samhain, sikukuu ya kale ya Waselti ya kumaliza mavuno na kuingia nusu ya mwaka yenye giza, usiku ambao waliamini mpaka kati ya wafu na walio hai unakuwa mwembamba. Waairishi walikuwa wakichonga sura kwenye tanipu, mboga ya mzizi, ngumu kama jiwe. Walipohamia Marekani wakakuta boga, kubwa na laini, wakahamia kwenye boga. Kumbe na hii ni sikukuu ya wahamiaji. Habari hiyo haikuwamo kwenye maonyo ya kundi letu, na mimi ndiye ningetakiwa kuitafuta.

Dougherty alimchora Sam kwanza mwaka 1996, katika filamu fupi ya katuni ambamo mtu mzima anamnyemelea mtoto mwenye gunia kichwani usiku wa Halloween. Filamu ndefu ilikamilika mwaka 2007. Ilikuwa imepangiwa kuingia kwenye majumba ya sinema Oktoba ya mwaka huo, ikaondolewa kwenye ratiba. Desemba ikaonyeshwa mara moja kwenye tamasha mjini Austin, Texas, na baada ya hapo watu wa kawaida walisubiri mpaka Oktoba 2009 ilipotoka kwenye DVD. Haikupata mabango wala foleni. Yule mama wa ghalani aliipata kwa dada yake, dada yake aliipata kwa jirani. Leo maduka ya Halloween yanauza barakoa ya Sam, nami mwenyewe nimeshamfungulia Sam mlango mara kadhaa.

Nirudi kwa mwalimu mkuu. Mtoto mmoja mtundu, Charlie, anapita akivunja maboga ya watu, anafika kwenye kibaraza cha Wilkins anachota pipi bila ruhusa. Wilkins anatoka, anaketi naye kwenye ngazi, anachonga boga polepole huku akimweleza mila za usiku huu na heshima yake. Sauti ni ya mwalimu mzuri kabisa. Mtoto anatafuna chokoleti. Kisha anaanza kutapika, na unaelewa kilichokuwa ndani ya chokoleti. Sijawahi kuona sumu ikionyeshwa kwa upole wa namna hiyo.

Hofu hiyo ni ya kweli huku. Mwaka 1974 huko Deer Park, Texas, baba mmoja aitwaye Ronald Clark O'Bryan alimpa mwanawe wa miaka 8 pipi ya unga iliyotiwa sianidi, akitafuta pesa za bima. Mtoto alikufa. Baba alihukumiwa kifo, na hukumu ikatekelezwa mwaka 1984. Tangu hapo kila Oktoba wazazi wanaonywa juu ya mgeni mwenye sumu. Lakini Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware aliyefuatilia taarifa hizi kwa miongo kadhaa, hajapata hata tukio moja lililothibitika la mtoto kuuawa na pipi yenye sumu aliyopewa na mtu asiyemjua katika kuzunguka huko. Aliyetia sumu Texas alikuwa baba mzazi. Anayetia sumu kwenye filamu ni mwalimu mkuu, mtu ambaye mji mzima umemkabidhi watoto. Dougherty hakumweka mgeni pale, na naona alijua anachofanya.

Pamoja na kuyajua hayo, pipi za binti yangu nazimwaga mezani kila mwaka, nazipanga chini ya taa, nazigeuza moja moja kutazama karatasi kama ina tundu. Yeye anasimama pembeni mikono nyuma, anangoja. Mwiko wa tatu.

Sasa kisa cha basi. Hiki ndicho kinachoniumiza, na nimekitazama mara nyingi kuliko vingine.

Watoto wanne wanapita kukusanya mataa ya maboga. Wanamchukua na Rhonda, msichana mwenye usonji anayeishi kwenye nyumba iliyozungukwa na maboga aliyoyachonga mwenyewe. Wanampeleka kwenye machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji, ambako, kwa mujibu wa kiongozi wao Macy, miaka thelathini nyuma lilizama basi la shule. Ndani walikuwamo watoto wanane wenye ulemavu, wamevaa barakoa za Halloween, wamefungwa minyororo kwenye viti. Wazazi wao, waliochoka na walioona aibu, walikuwa wamemlipa dereva. Mtoto mmoja akajinasua, akashika usukani, basi likatumbukia. Dereva akatoka hai. Maboga manane yameletwa yawe sadaka, boga moja kwa kila mtoto.

Kumbe ni mzaha. Wenzake wamejipaka na kujifanya mizuka ili kumtisha Rhonda, na anatishika mpaka anaanguka, analia kwa namna ambayo mmoja wao anaona aibu. Macy analipiga teke boga moja likaingia majini. Ndipo wenye basi lao wanapoamka.

Mtaani kwetu Tanga palikuwa na nyumba yenye mtoto wa ndani. Tulimsikia. Mchana wa joto madirisha yakiwa wazi, ilikuja sauti, si ya kulia wala ya kucheka, na sisi tukicheza rede tulisimama kidogo, kisha tukaendelea. Hakuna aliyetukataza kuuliza, na hakuna aliyeuliza. Wazazi wake walikuwa watu wema, walikuja kwetu, tulikwenda kwao, tukakaa barazani tukanywa chai. Nikiwa na miaka kama kumi alifariki. Jina lake nililisikia kwa mara ya kwanza siku ya mazishi.

Kwa hiyo wale wanane wanapopanda kutoka majini na barakoa zao za kuokoteza, siwaogopi. Natamani ningeona nyuso zao. Filamu haituonyeshi vizuri, na sijui kama ni huruma au ni upungufu. Huwa naelekea kuona ni huruma.

Rhonda ameshaingia kwenye lifti ya machimbo pamoja na maboga yaliyobaki, amefunga. Wenzake wanafika mbio, wanaitikisa ile nondo, wanamwita jina, wanaomba. Anawatazama. Anabonyeza kitufe, lifti inapanda, na yanayofuata anayasikia tu akiwa juu. Kisha anaondoka taratibu, anavuta kigari chake, anampita Sam, wanatazamana. Yule mama mwenyeji huwa anapiga makofi hapo. Mimi siwezi. Waliogonga walikuwa watoto. Lakini pia siwezi kumhukumu aliyekuwa nyuma ya nondo, maana walimleta pale ili wamvunje, na mlango ule ulikuwa kitu cha kwanza usiku huo kilichokuwa mikononi mwake. Nimejaribu kumjibu binti yangu mkubwa wa kichwani, yule atakayeitazama siku moja akaniuliza ningefanya nini, na bado sijapata jibu la kumpa.

Kisa cha wasichana na sherehe yao msituni nitakipita. Kimetengenezwa kwa ustadi, msichana aliyevaa joho jekundu anatembea peke yake gizani, unamhofia, halafu unagundua wa kuhofiwa ni nani, na aliyemnyemelea ni mtu tunayemfahamu. Kinafurahisha. Mimi hakikunigusa.

Halafu mzee Kreeg. Nyumba yake haina taa ya boga. Watoto wakija, mbwa wake anawatimua, wanadondosha pipi, mzee anaziokota anakula mwenyewe. Kochi, televisheni, komeo. Sam anaingia kwa huyu. Wanapigana ngazi zote za nyumba, gunia linatoka, chini yake mna uso wa nusu boga nusu fuvu. Mwisho mzee yuko chini, hawezi tena, Sam anapanda juu yake na ile pipi ya kijiti iliyong'atwa, anachoma kwa nguvu. Ncha inaingia kwenye kipande cha chokoleti kilichokuwa juu ya mwili wa mzee. Sam anakitoa, anakitazama, anang'ata. Amepewa. Anashuka, anaondoka zake. Yote yale, risasi, vioo, damu, mwenye kuja alikuwa anataka apewe kitu mlangoni.

Nilitokwa machozi, na mwenyeji wangu aliniona akanisogezea karatasi bila kusema neno.

Haikuishia hapo. Mzee amefungwa bandeji, anasikia hodi, anafungua, anagawa pipi kwa watoto. Anatazama nje, na ule ukili wote unafungwa mbele ya macho yake: Rhonda anavuka na kigari chake, gari la wasichana linapita, na upande wa pili mke na mume wanafika nyumbani, mke anainamia boga. Mzee anarudi ndani. Hodi nyingine. Tumeshaona picha ya zamani ikiungua kwenye moto wa sebuleni kwake, watoto wamejipanga mbele ya basi. Tunajua dereva alikuwa nani. Anafungua, na wako wanane kwenye kibaraza, wanadondosha maji. Wanasema lile neno ambalo watoto wote wamelisema usiku kucha.

Nilirudi nyumbani nikampigia mama, kwao ilikuwa alfajiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini saa hizi?"

"Hakuna baya. Mama, huku wiki ijayo watoto watapita majumbani wakiomba pipi."

"Kama Idi?"

Sikuwa nimewaza hilo hata kidogo. Asubuhi za Idi tulipita nyumba zote za mtaa na nguo mpya, tukiomba sikukuu, tukipewa sarafu na kashata, hata na watu ambao siku nyingine walitufukuza kwenye miembe yao. Shangazi yangu aliyeko Maskati anatuma video kila Ramadhani ikifika katikati, watoto wa mtaa wake usiku wa Qaranqasho wakiimba mlango kwa mlango na vifuko vyao.

"Kama Idi, mama. Ila wanavaa kama majini."

Akanyamaza kidogo. "Wanaingia ndani?"

"Hapana, wanaishia mlangoni."

"Basi si uwape tu? Mtoto harudishwi mikono mitupu. Mavazi yake hayo mama yake anayajua."

Columbus wana jina lao la kuzunguka huku, Usiku wa Ombaomba, na wana saa zake: kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. Taa ya kibaraza ikiwaka, unakaribisha. Ikizimwa, watoto wanapita moja kwa moja bila kunung'unika. Mwaka ule niliiwasha robo saa kabla. Nilinunua mfuko wa pipi mia na hamsini, nikavaa kanga mbili na ushungi, binti yangu akavaa mabawa ya kipepeo, tukakaa kwenye ngazi na baridi yetu. Wa kwanza alikuwa dinosaria wa miaka kama mitatu, amebebwa na baba yake, jirani wa nyumba ya tatu ambaye hatukuwahi kusemezana. Mtoto alisahau neno. Alininyooshea ndoo tu. Nikamwambia, "Karibu," kwa Kiswahili, lilinitoka lenyewe, na baba yake akanijibu kitu kuhusu baridi, tukasimama pale dakika tano nzima. Katika mwaka mzima hizi ndizo saa mbili tu ambazo mtu wa mtaa huu anagonga kwangu bila miadi.

Sasa huu ndio utaratibu wetu. Saa mbili tunazima taa ya kibaraza, tunakagua pipi mezani, binti analala. Yule mama wa ghalani anakuja na sufuria ya supu, tunaitazama filamu yetu. Boga linabaki nje linawaka. Siamini kwamba kuna Sam. Ila mwaka jana mgeni wangu alipoondoka, saa ilikuwa bado dakika ishirini kufika saa sita, upepo ulikuwa unavuma, na boga lilikuwa linafukuta kwenye ngazi, mshumaa umebaki kama ukucha. Ningeweza kulizima nikalale, kesho yake nilikuwa na shifti. Nilichukua blanketi nikatoka nikakaa karibu nalo. Mtaa wote ulikuwa giza, isipokuwa maboga mawili matatu kule mbali. Kwenye nyumba ya kulia kwangu mtu naye alikuwa amekaa kibarazani kwake, nikaona ncha ya sigara ikiwaka na kufifia. Sikujua amekaa muda gani. Nikainua mkono, naye akainua wake.

Simu iliposoma saa sita kamili nikaliinamia boga, nikalipuliza.

Harufu ya boga lililoungua ilibaki kwenye blanketi mpaka Jumapili.